Vinundu vya Mizizi ya Kunde

Likizo iliyopita nilimkuta mama akichoma mashina ya kunde aliyoyang'oa shambani. Msimu uliotangulia, mahindi yake katika shamba lilo hilo yaligeuka manjano, kuanzia majani ya chini. Hiyo ni dalili ya mmea wenye njaa ya naitrojeni.

Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 hivi ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia ikiwa hewani. Mkunde waweza, kwa msaada. Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kuwa bakteria wakaao katika vinundu vya mizizi yake huigeuza ikawa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa sukari.

Ng'oa mkunde unaoanza kutoa maua, ukate kinundu kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza. Kikiwa cha kijani, kimekwisha kazi yake.

Lakini tusijidanganye. Sehemu kubwa ya naitrojeni huingia katika mbegu, nasi twazila. Fungu la udongo ni mizizi, mashina na majani. Tukiyachoma, naitrojeni yake hurudi hewani ilikotoka.

Nilimweleza mama hayo. Akaniuliza, "Na wadudu walalao humo je, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Basi tukakubaliana: nusu ya shamba atachoma kama desturi, nusu atafukia. Msimu ujao mahindi yenyewe yatatuamua.