Insha ya kuombea chuo: usijipambe

Vijana wenzangu, baadhi yenu mnaomba vyuo vya Marekani na mnanitumia insha zenu nizisome. Nyingi zinaanza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kubadilisha jamii yangu." Sasa, msomaji amejua nini kukuhusu? Hata jirani yako angeweza kuitia saini sentensi hiyo.

Fomu ya Common App inataka maneno kati ya 250 na 650. Maisha yako yote hayaenei humo, kwa hiyo chagua tukio moja, tena dogo.

Mwangalieni Mtakatifu Augustino. Alipoandika Maungamo, karibu mwaka 400, alikuwa tayari askofu. Lakini kwenye kitabu cha pili anakaa muda mrefu juu ya jambo la kitoto kabisa: akiwa na miaka 16, yeye na wenzake waliiba peasi usiku, tena hawakuwa na njaa, nyingi wakawatupia nguruwe. Wizi wenyewe anausimulia kwa sentensi chache tu. Kinachofuata ni maswali: nilitafuta nini pale? Ningekuwa peke yangu, ningeiba? Humo kwenye maswali ndimo tunamjua Augustino.

Kwa hiyo ukiandika "mimi ni mchapakazi", futa. Andika ulivyokuwa ukiamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama kukanda unga wa maandazi, mpaka ukaanza kupiga hesabu daftarini kwa nini siku za mvua yanabaki. Msomaji atajua mwenyewe kwamba unachapa kazi.

Kiingereza kikikubana, kisimulie kisa kwanza kwa Kiswahili, ujirekodi kwenye simu, ndipo uandike.

Halafu kuna hili la kuuza umaskini. Mtu baba yake yuko mzima nyumbani, kwenye insha kashamzika! Eti apate ufadhili. Jamani, kwenye fomu ile unathibitisha kwamba yaliyomo ni ya kweli na ni kazi yako mwenyewe, na chuo kikigundua uongo kinaweza kukunyang'anya nafasi hata baada ya kukupokea.

Mwalimu akikusahihishia sarufi, mshukuru. Akianza kukubadilishia kisa, omba karatasi yako urudi nayo nyumbani.