Umbali, Mwendo na Muda: Usahihi wa Lugha katika Kuieleza Safari ya Ndege

Utangulizi

Otonglo ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, jirani na uwanja wa ndege. Hapo bibi mmoja alimuuliza mjukuu wake aliyekuwa akijiandaa kwenda masomoni New York: “Mjukuu wangu, huko ni mwendo gani?” Akajibiwa: “Kilomita elfu kumi na mbili hivi, nyanya.” Bibi akauliza tena: “Utalala njiani mara ngapi?” Waliokuwapo wakacheka. Makala haya yanadai kwamba swali la bibi lilikuwa sahihi, na kwamba jibu ndilo lililopotoka.

Dhana tatu

Umbali ni nafasi iliyopo baina ya mahali pawili. Haubadiliki kwa chombo wala msafiri. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 280 hewani. Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu 11,800.

Mwendo, nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi -enda, hubeba tendo lenyewe la kwenda. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 ilihesabu njia kwa siku: mwendo wa siku tatu, mwendo wa siku kumi. Mwendo hutegemea chombo na hali ya njia. Shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, kwenda kulipangiwa saa 15 na kurudi saa 14. Umbali ni ule ule. Ila upepo wa juu uvumao kutoka magharibi humsukuma anayerudi na kumzuia anayekwenda.

Muda ni kipimo cha wakati unaopita, na hapa ndipo utata wa neno “saa” hujitokeza. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku katika majira ambapo New York iko nyuma kwa saa nane, hutua huko saa kumi na mbili asubuhi. Anayetazama saa za miji hiyo miwili pekee atadhani safari imechukua saa saba, kumbe ni 15. Wengi hukimbilia “masaa” ili kuukwepa utata huu, ilhali lugha sanifu inatosha: “muda wa saa 15” kwa kipimo, “saa tano usiku” kwa wakati.

Hitimisho

Mfasiri, mtangazaji au mwalimu asiyezitenganisha dhana hizi humpotosha msikilizaji, na msafiri huweza kuachwa na ndege au kungojewa siku isiyo yake. Mjukuu angalijibu hivi: “Nyanya, nitalala njiani usiku mmoja, tena mrefu. Kwangu kukipambazuka, nyinyi hapa Otonglo mtakuwa mmekwisha kula chakula cha mchana.” Jibu hilo halina kilomita hata moja, lakini bibi angalijua lini aanze kungojea simu.