Shauri la Nani Tulifuate?

Kila siku tunapewa mashauri. Jirani anatushauri. Ndugu wa ukoo wanatushauri. Rafiki wa sokoni anatushauri. Mashauri mengine ni mazuri. Mengine yanaonekana mazuri, lakini yanaleta msiba. Katika somo hili tutajifunza jinsi Mkristo anavyoweza kutafuta uongozi wa Mungu kabla ya kufuata shauri la watu. Soma polepole. Ukimaliza sehemu moja, pumzika, uifikirie.

1. Usiku mmoja nyumbani

Habari hii tumeitunga ili tujifunze. Lakini mambo ya namna hii yametokea mara nyingi katika nchi ya Usukuma.

Karibu na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, aliishi mtu na mkewe. Walilima pamba, mihogo na mpunga. Walikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Mama mzazi wa yule bwana aliishi nao. Alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa mekundu.

Siku moja mtoto alishikwa na homa kali. Jioni mwili wake ulikakamaa, akatetemeka, macho yakageuka. Jirani akaja mbio. Akasema, "Hii ni degedege. Ugonjwa huu si wa hospitali. Mtoto amerogwa. Nenda kwa mpiga ramli, akuonyeshe adui yako."

Baba alimpenda mtoto wake. Alikuwa na hofu. Akachukua fedha alizopata kwa pamba, akaenda. Mpiga ramli akazipokea. Akatazama vitu vyake, akasema, "Adui yako hayuko mbali. Yumo nyumbani mwako. Ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Asipoondolewa, mtoto atakufa."

Baba akarudi nyumbani alfajiri. Akamwona mama yake amepiga magoti jikoni, anapuliza moto ili amchemshie mjukuu uji. Baba hakumsalimu. Alisimama mlangoni, panga mkononi.

Mkewe akaliona lile panga. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Fulani, mama huyu ndiye aliyekuzaa. Usifanye neno lolote kabla hatujakwenda kwa mzee wa kanisa. Nakuomba."

Wakambeba mtoto, wakaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mbona mapema hivi?"

Baba akaeleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo aliyekupa shauri, alimgusa mtoto?"

"Hapana, mzee. Hata hakumwona."

"Alikuambia umpe dawa gani?"

"Hakunipa dawa. Alinitajia mtu."

"Basi mwanangu, ulikwenda kutafuta uzima wa mtoto, ukarudi na kifo cha mama yako. Je, unadhani Mungu aliyekuamuru umheshimu mama yako ndiye aliyekupa shauri hili?"

Baba akanyamaza. Machozi yakamtoka.

Mzee akasema, "Tuombe." Sala yake ilikuwa fupi sana. Alipomaliza akaleta baiskeli yake. "Sasa pandeni. Mpelekeni mtoto kituo cha afya upesi. Mimi nitakwenda kukaa na mama yako."

Kituoni walimtoboa mtoto kidole, wakapima damu. Ilikuwa malaria kali, imepanda kichwani. Akapigwa sindano. Baadaye akapewa dawa za mseto. Mtoto akapona. Lakini kwa kuwa walichelewa usiku mzima, mguu wake mmoja ulibaki dhaifu. Baba huuona mguu ule kila siku, na hukumbuka usiku ule.

2. Macho ya bibi

Kwa nini macho ya bibi yalikuwa mekundu? Katika sehemu nyingi za Usukuma miti imepungua. Watu hupika kwa kuni chache, mabua, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moto huo una moshi mwingi. Mwanamke aliyepika katika moshi kwa miaka hamsini macho yake huwa mekundu. Macho yale hayaonyeshi uchawi. Yanaonyesha kwamba amewapikia watoto na wajukuu wake maisha yake yote.

Na degedege je? Malaria huletwa na mbu. Homa ikiwa kali mno kwa mtoto mdogo, inaweza kumletea degedege. Ni ugonjwa wa hospitali. Kila saa inayopita ni hatari.

3. Mashauri yaliyoleta msiba kwetu

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani, vikongwe wengi wameuawa kwa sababu mtu fulani alipiga ramli akawataja.

Tena, kuanzia mwaka 2007, ulitokea msiba mwingine. Watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kuuawa. Wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba viungo vya ndugu zetu hawa huleta utajiri. Wengine waliotafuta dhahabu, na wengine waliotafuta samaki ziwani, walilisadiki neno hili. Makumi ya watu walipoteza maisha, na kati yao walikuwamo watoto wadogo. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mmoja mwenye ualbino. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwezi Machi mwaka huo polisi walikamata zaidi ya 200.

Ualbino si laana, wala si bahati. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi. Ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kuikinga na jua. Anahitaji kofia, nguo ndefu, na wazazi na majirani wanaompenda.

Aliyetaka utajiri alipewa shauri. Shauri lile lilimfanya mwuaji. Utajiri haukuja.

4. Mafundisho kutoka katika Biblia

Soma 1 Samweli sura ya 28. Mfalme Sauli aliwafukuza wapiga ramli katika nchi yake. Lakini siku moja aliona jeshi kubwa la Wafilisti, akaogopa. Akabadili nguo zake, akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, mwenye kuita wafu. Alipata nini? Hakupata msaada wowote. Alirudi amevunjika moyo, na katika vita ile akafa pamoja na wanawe watatu. Angalia neno hili: alikwenda usiku, naye alijificha. Shauri linalotafutwa gizani lina walakini.

Soma pia Yoshua sura ya 9. Watu wa Gibeoni walikuja kwa Yoshua wamevaa viatu vilivyochakaa, wamebeba mikate mikavu yenye ukungu. Walisema wametoka mbali sana. Wazee wa Israeli wakatazama mikate, wakasadiki, wakala kiapo. Hawakumwuliza Mungu. Baada ya siku tatu wakajua kwamba watu wale ni jirani zao. Yoshua hakuwa mtu mbaya. Aliharakisha tu. Wengi wetu tunakosa kwa njia hiyo.

Mwisho, soma 2 Wafalme sura ya 5. Naamani alikuwa jemadari mkubwa, naye alikuwa na ukoma. Shauri jema alilipata kwa nani? Kwanza kwa msichana mtumwa katika nyumba yake. Baadaye kwa watumishi wake. Mungu anaweza kusema nasi kwa mdomo wa mtu mdogo. Katika habari yetu ya kwanza, ni nani aliyemzuia baba asimwue mama yake? Alikuwa mkewe.

5. Si kila anayemtaja Mungu ametumwa na Mungu

Labda utasema, "Mimi siendi kwa mpiga ramli. Mimi nafuata watu wa Mungu tu." Ni vizuri. Lakini hata hapo tupime.

Mwaka 2011 mchungaji mstaafu mmoja, Ambilikile Masapila, alisema kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya magonjwa makubwa. Alikaa kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoa wa Arusha. Dawa ilichemshwa kutoka kwa mti, na mtu alikunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu maelfu kwa maelfu walikwenda, hata kutoka Mwanza na nchi jirani. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walifia njiani, na wengine walifia katika foleni. Watu waliliita jambo lile "Kikombe cha Babu". Babu huyo alifariki mwaka 2021.

Hatumhukumu marehemu. Tunajifunza tu. Haikuthibitishwa kwamba kikombe kile kinaponya UKIMWI. Lakini wako wagonjwa waliokunywa, wakadhani wamepona, wakaacha vidonge vyao. Hali yao ikawa mbaya tena. Watu wa Kisesa wanaweza kulielewa jambo hili vizuri. Tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya watu wa Kisesa ili kuujua ugonjwa huu. Na tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zinatolewa bure Tanzania. Mgonjwa anayezimeza kila siku anaweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake.

Basi imani haimwambii mgonjwa atupe dawa. Mungu aliyempa mzee hekima ya kuomba ndiye aliyempa daktari hekima ya kutibu.

6. Je, tuache mila zote?

La. Kumfuata Mungu si kudharau kila kitu cha wazee wetu. Bujora, karibu na Kisesa, iko nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifanya kazi huko tangu miaka ya 1950. Hakuzichoma ngoma za Wasukuma. Alizitunza, na kanisa la Bujora limepambwa kwa alama za Kisukuma.

Vilevile mganga wa mitishamba si sawa na mpiga ramli. Sheria ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa tiba asilia walioandikishwa. Lakini mtu anayetaja mchawi anavunja sheria. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928. Mmoja anakupa majani. Mwingine anakupa adui. Tujue kuwatenga.

7. Maswali manne ya kupima shauri

Ukipewa shauri, usikimbie. Keti. Omba. Kisha jiulize:

Kwanza: Je, shauri hili linakubaliana na amri za Mungu? Mungu amekataza kuua, kuiba na kumsingizia jirani. Hawezi leo kukuamuru ufanye aliyoyakataza jana.

Pili: Je, naweza kulisema mchana, mbele ya mke wangu au mume wangu, na mbele ya kanisa?

Tatu: Nani anapata faida? Ni mgonjwa, au ni yule anayepokea fedha?

Nne: Likitimizwa, litaleta upendo au chuki katika nyumba yangu?

Kama majibu ni mabaya, liache, hata kama limetoka kwa ndugu yako. Kama ni mazuri, lifuate upesi, hata kama limetoka kwa mtoto. Na kama mtu ni mgonjwa sana, omba huku unatembea kwenda kituo cha afya.

Neno moja la mwisho. Kuna watu walioomba, wakaenda hospitali mapema, na mtoto wao akafa. Kumfuata Mungu hakuondoi kila huzuni. Lakini wazazi wale walilia pamoja na bibi, wakamzika mtoto pamoja na majirani. Hawakuongeza kaburi la pili. Hawamwogopi mtu, wala hawaogopi kusali. Uongozi wa Mungu unatusaidia hata siku ya msiba.

Maneno ya kukumbuka

Shauri: neno la kumwelekeza mtu la kufanya.
Ramli: kubashiri mambo ya siri kwa kutumia vitu au alama.
Walakini: kasoro, jambo la kutilia shaka.
Ualbino: hali ya kuzaliwa na upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Jirani wa kwanza alikuwa na nia mbaya? Elezeni mnavyofikiri.
2. Kwa nini mzee wa kanisa aliomba sala fupi?
3. Kwa nini mzee alikwenda kukaa na bibi?
4. Tukisikia kijijini kwetu kwamba mtu ametajwa kuwa mchawi, tufanye nini siku hiyohiyo? Twende kwa nani?
5. Baba atamwambia nini mama yake atakaporudi nyumbani?

Kazi ya kuandika

Andika sentensi tano juu ya shauri jema ulilopata maishani. Nani alikupa? Ulijuaje kwamba ni jema? Msomee jirani yako darasani, kisha nawe usikilize la kwake.