SOMO LA VIKUNDI: BAO KWA WAZEE WETU

Katika somo hili tunawaangalia kuka na kukhu wetu, wale ambao miguu haiwafikishi tena shambani. Wengi wao hushinda peke yao kuanzia asubuhi. Vijana wameenda mjini, watoto wako shuleni, na mama wa nyumba yuko kwenye palizi. Mzee anapewa chai, anapewa ugali, lakini mtu wa kuzungumza naye hana.

Lengo la somo: kikundi kijifunze kucheza bao na wazee, na kijue la kufanya mzee anapoanza kusahau.

1. KWA NINI MCHEZO?

Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kati yake ni shinikizo la damu, kisukari, masikio yasiyosikia vizuri, macho yasiyotibiwa na upweke. Walisema kwamba mambo hayo yote yakishughulikiwa, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepuka ugonjwa huo au kuucheleweshwa.

Uchunguzi mwingine ulitangazwa Marekani mwaka 2003. Watu 469 waliozidi miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa na desturi ya kusoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa na ugonjwa huo kwa uchache kuliko wengine. Tuseme ukweli: hiyo si hakikisho kwamba mchezo ni dawa. Lakini mchezo unamtoa mzee kitandani, unamkalisha na wenzake, na unampa jambo la kufikiria. Hilo peke yake ni faida.

Wachina wazee hukusanyika wanne wanne kucheza mahjong, mchezo wa vigae 144. Sisi hatuna haja ya kuagiza vigae. Afrika Mashariki tuna mchezo wetu wa mashimo na kete. Waluo wana ajua, Wakikuyu giuthi, jirani zetu Waganda omweso, na watu wa Pwani na Zanzibar wana bao. Mwalimu Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa mpenzi wa bao. Basi asiseme mtu kwamba huu ni mchezo wa watoto.

2. VIFAA

Msiseme hamna pesa. Bao lina mistari 4 ya mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Wakati wa kiangazi chimbeni mashimo ardhini chini ya mti. Wakati wa mvua tafuteni trei mbili za mayai. Kateni kila moja ibaki na mashimo 4 kwa 4, kisha mziunganishe kwa gundi au uzi. Kete zenu ni vijiwe laini au maharagwe makubwa. Kwa mzee ambaye macho au vidole vimechoka, chagueni vijiwe vikubwa kidogo vyenye rangi inayoonekana, na mashimo yawe mapana.

3. NAMNA YA KUCHEZA

Tunaanza na bao la kujifunza.

(a) Wachezaji wawili wanatazamana. Kila mmoja ana mistari miwili iliyo karibu naye. Ule unaopakana na mwenzake ni mstari wa mbele, ule mwingine wa nyuma. Kila shimo litiwe kete 2.

(b) Zamu yako ikifika, chagua shimo lako lenye kete 2 au zaidi. Zichukue zote, uziweke moja moja katika mashimo yanayofuata, kulia au kushoto. Unazunguka katika mashimo yako 16 tu.

(c) Angalia kete ya mwisho. Ikianguka katika shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako.

(d) Ikianguka katika shimo la mbele lililokuwa na kete, na shimo la mwenzako linalolitazama lina kete, unakula kete hizo za mwenzako. Shimo la mwisho la mstari wa mbele, kila upande, linaitwa kichwa. Kete ulizokula unazitia kwako kuanzia kichwa: kama ulikuwa unaelekea kulia unaanza kichwa cha kushoto, na kama ulielekea kushoto unaanza cha kulia. Lakini ukila kwenye kichwa au kwenye shimo lililo jirani yake, liitwalo kimbi, unaanza kichwa cha upande huohuo.

(e) Ikianguka katika shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, chukua kete zote za shimo hilo na uendelee mbele.

(f) Kama unaweza kula, ni lazima ule. Kama mzunguko wa kwanza haukula, unatakata: unaendelea hadi ulale, bila kula chochote katika zamu hiyo. Kutakata huanzia mstari wa mbele, kama una shimo lenye kete 2 huko.

(g) Unashinda mwenzako akimaliza kete zote za mstari wa mbele, au akibaki bila shimo lenye kete 2.

Mfano: hesabu mashimo yako ya mbele 1 hadi 8 kutoka kushoto. Anza na shimo la 3, ukielekea kulia. Kete moja la 4, moja la 5. Unakula 2 zinazolitazama shimo la 5. Zitie la 1 na la 2. Unakula tena 2 zinazolitazama la 2. Hilo ni kimbi cha kushoto, kwa hiyo zitie tena la 1 na la 2. Sasa shimo la 2 lina kete 4, na ng'ambo yake ni tupu. Zichukue 4, tia la 3, 4, 5 na 6. Unakula 2 zinazolitazama la 6. Tia la 1, kisha la 2, ambalo ni tupu. Umelala. Umekula kete 6, na kwako sasa ziko 38. Jaribuni mkihesabu kwa sauti. Mkipata 38 mmeelewa.

Mkizoea, tafuteni mtu anayejua bao lenyewe la Kiswahili, ambalo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi.

4. MASHARTI YA KIKUNDI

Kwanza, pesa isiwekwe, hata shilingi. Pesa ikiingia, mchezo umegeuka kamari, na vita haviko mbali. Pili, kina mama wazee wacheze pia. Kukhu aliyehesabu debe za mahindi maisha yake yote hawezi kushindwa na kete. Tatu, mjukuu aketi na babu. Mtoto anajifunza hesabu, na mzee ana wa kumwambia habari za zamani. Nne, mzee asiharakishwe wala kuchekwa. Siku moja kwa wiki inatosha kuanza.

5. MZEE AKIANZA KUSAHAU

Hapa ndipo penye uzito. Kwenye bao mtaona mambo ambayo nyumbani hayaonekani. Mzee aliyekuwa akihesabu vizuri anachanganyikiwa na zamu yake. Anauliza swali moja mara tano. Anapotea njia ya kurudi kwake. Wengine husema amerogwa. Wengine, vibaya zaidi, husema yeye ndiye mchawi, hasa akikutwa usiku kwenye boma la jirani.

Jamani, maneno hayo yanaua. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashutumu uchawi. Kusahau ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mpelekeni mzee kituo cha afya apimwe shinikizo la damu, sukari, macho na masikio, na dawa anazotumia ziangaliwe. Mwelezeni pia mhudumu wa afya wa kijiji. Wakati mwingine chanzo ni jambo linalotibika. Hata lisipotibika, msimwondoe mchezoni. Mpeni kazi ya kupanga kete, akae kati ya watu. Mzee anayejulikana na wote kwa bao lake, akipotea usiku atarudishwa nyumbani, hatapigwa mawe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni wazee gani wanaoshinda peke yao? Nani atawafuata, na siku gani?
2. Mzee akikutwa usiku amepotea, tumekubaliana kufanya nini?
3. Ni nani kati yetu anajua mchezo wa mashimo wa kwao, na anaweza kutufundisha?