Somo: Kupima Maendeleo ya Mradi Kwenye Tovuti ya Kikundi

Wasomaji wetu, siku hizi vikundi kadhaa vya kujisaidia vina tovuti. Kwa kawaida ni kijana wa kikundi aliyesomea kompyuta ndiye aliyeitengeneza, na mara nyingi ametumia WordPress, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2003. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini ukiifungua hiyo tovuti, unakuta picha za siku ya kuchimba msingi, watu wamevaa vizuri, halafu basi. Kumbe msingi ulichimbwa mwaka juzi! Watu wetu walioko Nairobi na Mombasa, wale wanaotuma mchango kwa M-Pesa, wanataka kujua jambo moja tu: tumefika wapi? Wakikosa jibu watauliza tena. Mara ya tatu watanyamaza, na mchango nao utanyamaza.

Kuna dawa ya shida hii. Ni programu-jalizi, yaani programu ndogo ambayo huchomekwa ndani ya tovuti ili iipe kazi mpya. Kijana wenu anaweza kuandika moja inayoonyesha ukanda wa rangi: kadiri kazi inavyoendelea, ndivyo rangi inavyojaa, kuanzia 0 hadi 100. Katika somo hili tutaeleza inavyotengenezwa. Lakini kazi kubwa si ya kijana, ni yenu wanakamati, kwa sababu kompyuta haijui mradi wenu. Itaonyesha kile mtakachoiambia.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kikundi kinajenga tangi la mawe la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la shule. Makadirio ni shilingi 600,000. Mwekahazina anafungua daftari na kuona 390,000 zimeshatumika. Anapiga hesabu: 390,000 kati ya 600,000 ni asilimia 65. Ukanda unajazwa hadi 65 na kila mtu anafurahi. Sasa twendeni pale shuleni tukaone. Msingi umeisha, ukuta umefika nusu. Simiti, vyuma na mawe vimenunuliwa vyote, viko stoo. Pesa imetembea mbio kuliko kazi, na hiyo ni kawaida katika ujenzi kwa sababu vifaa hununuliwa mapema. Mtu aliye mbali akiona 65 atasema, "Hawa wako karibu kumaliza, wacha nilipe karo kwanza." Hapo ndipo mradi hukwama, na hakuna mtu aliyeiba hata senti.

Kwa hivyo pimeni kazi, si pesa. Kamati ikae na fundi, igawanye kazi kwa hatua, na kila hatua ipewe pointi kulingana na uzito wake, zote zifike 100. Kwa tangi letu tuseme msingi ni pointi 20, ukuta 30, plasta ya ndani pamoja na kifuniko 20, gata za paa na bomba la kuingiza maji 20, halafu mfereji wa kuchotea na sakafu yake 10. Msingi umeisha: 20. Ukuta una kozi 6 za mawe kati ya 12, yaani nusu ya 30, ambayo ni 15. Jumla ni 35. Linganisheni hiyo 35 na ile 65 ya mwekahazina. Zote ni hesabu sawa, lakini moja tu ndiyo inajibu swali la tumefika wapi.

Mtauliza, nani ataamua kwamba ukuta umefika nusu? Kozi za mawe zinahesabika, hata mtoto anaweza. Lakini plasta je? Fundi atasema "imebaki kidogo tu", na sote tunajua hiyo kidogo ya fundi. Hatua isiyohesabika ni afadhali ipewe sifuri mpaka iishe, ndipo ipate pointi zake zote. Ukanda utakaa chini kwa wiki kadhaa, halafu utaruka. Si vibaya. Ni afadhali kuruka kuliko kurudi nyuma mbele ya watu.

Kuna jambo lingine ambalo ukanda hausemi. Msingi, ukuta, plasta na kifuniko zikiisha, mmefika 70. Lakini mvua ndefu za Machi zikinyesha kabla ya gata kufungwa, maji yote yatamwagika chini, na watoto wataendelea kubeba mitungi. Sabini kwenye tovuti, sifuri kwenye ndoo. Kwa hivyo chini ya ukanda kuwe na mstari mmoja wa maneno: "Maji yameanza kutumika? Bado." Sisi tungependa kila kikundi kiweke mstari huo hata kama hakitaweka kingine chochote.

Sasa kijana akae kwenye kompyuta. Programu-jalizi ya WordPress inaweza kuwa faili moja tu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP na kuwekwa katika folda ya wp-content/plugins. Juu ya faili anaandika jina lake. Bila jina hilo WordPress haiitambui. Ndani kuna kazi tatu. Ya kwanza ni fomu ya kuingiza hatua na asilimia iliyofikiwa katika kila hatua. Fomu ikatae kitu chochote kisicho namba kati ya 0 na 100, na imkubali tu aliyepewa ruhusa. Ya pili ni kuhifadhi. Hapa vijana wengi hukosea: wanafuta namba ya zamani na kuandika mpya juu yake. Kila taarifa iongezwe kama mstari mpya, pamoja na tarehe na cheo cha aliyeiingiza, vile katibu anavyoandika kumbukumbu za mkutano bila kurarua ukurasa wa jana. Ya tatu ni kuchora. Neno fupi ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano [mradi_tangi], likiandikwa kwenye ukurasa, programu hulibadilisha kuwa ukanda wenye jumla ya pointi. Ukanda uchorwe kwa rangi mbili tu, bila picha, ili ufunguke haraka kwenye simu ya bei nafuu na usile bando.

Tarehe ya taarifa ya mwisho ionekane kwa maandishi makubwa. Ukanda wa 35 bila tarehe unaweza kuwa wa jana au wa mwaka jana. Programu ikiona siku 30 zimepita bila taarifa mpya, ibadilishe rangi iwe ya kijivu. Kijivu kitawaamsha wanakamati kuliko barua yoyote. Halafu, katibu asiingize peke yake: aingize yale ambayo wanachama wawili wameyaona kwa macho yao kwenye mradi na kutia sahihi daftarini.

Msiweke kwenye tovuti majina ya walio nyuma na michango, wala namba zao za simu. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu, na hata kama isingekuwepo, jirani haaibishwi mbele ya dunia nzima. Mambo hayo yabaki kwenye daftari la mwekahazina. Na kwa kina mama na wazee wasio na simu ya intaneti, ukanda uleule uchorwe kwa chaki kwenye ubao, pale watu hupita.

Katika mkutano wenu ujao chukueni karatasi moja na mgawanye pointi 100 za mradi wenu. Mtabishana, hasa kuhusu hatua ya mwisho, kwa sababu kila mtu huiona ndogo. Mkiwa hamjakubaliana, msimwite kijana wa kompyuta bado.