SOMO LA ROBO HII: Mwongozo wa Wachangiaji, ili Kazi ya Wengi Isipotee kwa Kuondoka Mmoja

Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo kamati nyingi huliahirisha hadi mwisho wa mradi, na mara nyingi mwisho huo hufika kabla halijafanyika. Jambo lenyewe ni kuandika mwongozo wa watu wanaojitolea katika mradi wa programu huria. Tumechagua mfano ulio karibu nasi, yaani uchoraji wa ramani katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Kamati isiyo na mtaalamu wa kompyuta isiogope somo hili. Anayeweza kumwelekeza mgeni njia ya kufika kwake anaweza kushiriki kuandika mwongozo.

Maana ya maneno

Programu huria ni programu ya kompyuta au ya simu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani, uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ilifuata njia hiyohiyo kwa upande wa ramani. Ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea, na kila mmoja anaweza kuitumia bure. Programu za kuichora na kuisoma, kama JOSM, OsmAnd na Organic Maps, nazo ni huria.

Mchangiaji, katika kurasa zetu, kwa kawaida ni ndugu aliyetoa fedha. Katika somo hili mchangiaji ni yule anayetoa kazi yake: anayeandika msimbo, anayetafsiri, anayechora barabara, au anayetoa taarifa ya kosa ili lirekebishwe.

Mwongozo wa wachangiaji ni kijitabu kinachomweleza mgeni aanzie wapi, afuate kanuni zipi, na amuulize nani. Miradi ya programu huria imezoea jambo hili. Tangu mwaka 2012 tovuti ya GitHub, ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, humwelekeza mchangiaji kwenye faili iitwayo CONTRIBUTING kabla hajatuma kazi yake, kama mradi umeiandaa.

Kwa nini ramani ni jambo zito Mara

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwezi wa Disemba, shule zinapokuwa zimefungwa, ndio wakati wa hofu kubwa kwa wasichana wengi, na baadhi yao hukimbia nyumbani.

Mwaka 2014 nyumba salama ya kuwapokea ilifunguliwa Mugumu, wilayani Serengeti, ikisimamiwa na Rhobi Samwelly chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Mwaka 2017 mama huyo alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo limeendesha nyumba salama Mugumu na Butiama. Wito unapofika kutoka kijijini, polisi na wahudumu wanapaswa kujua kijiji kiko wapi na gari lipite njia ipi, pengine usiku na wakati wa mvua. Kwa miaka mingi ramani zilizokuwapo zilionyesha barabara kubwa na majina machache tu.

Mwaka 2015 Janet Chapman, wa shirika la Tanzania Development Trust la Uingereza, alianzisha Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali huchora barabara na majengo wakitazama picha za setilaiti, na watu walioko vijijini huongeza majina kwa kutumia simu. Aliye Ulaya anaona paa, lakini hawezi kujua kama ni la shule, la zahanati au la ghala. Kijana wa Nkende, Tarime, anajua jengo lile ni la nini tangu utoto wake, ila huenda hajui namna ya kuliandika kwenye ramani. Mwongozo ndio unaowakutanisha hawa wawili, ambao huenda wasionane kamwe.

Makosa ambayo mwongozo huzuia

Kosa la kwanza ni la majina. Mmoja ataandika Kerende, mwingine Kelende, kila mtu kwa jinsi ulimi wake ulivyozoea. Anayetafuta kwa tahajia moja anaweza asipate kijiji kilichoandikwa kwa tahajia nyingine. Mwongozo useme wazi: jina kuu ni lile linalotumiwa na wenyeji na ofisi ya kijiji, na tahajia nyingine iwekwe mahali pa jina mbadala. Majina ya vijiji na vitongoji hujirudia pia katika nchi yetu, kwa hiyo mchangiaji ahakikishe kata na wilaya kabla ya kuandika.

Kosa la pili ni la barabara. Mchangiaji aliyezoea lami akiona njia ya vumbi hudhani ni njia ya shambani. Kanuni ambayo wachoraji wa OpenStreetMap wameiandika kwa ajili ya Afrika ni kwamba daraja la barabara hutokana na kazi yake, yaani inaunganisha nini na nini. Aina ya tabaka lake, kama ni lami, changarawe au udongo, huandikwa pembeni. Kanuni hii isipofuatwa, barabara pekee inayounganisha vijiji viwili itaonekana kama kijinjia kisicho na maana, na dereva ataiacha.

Kosa la tatu ni kunakili. Mtu mwenye nia njema hufungua ramani ya Google na kuhamisha majina. Hilo haliruhusiwi, kwa sababu ramani hiyo ina mwenyewe, na kazi iliyonakiliwa hufutwa. Majina yatokane na kufika mahali penyewe, kuuliza wenyeji, au chanzo ambacho kimetoa ruhusa.

Sehemu saba za mwongozo mzuri

1. Sababu ya kazi. Aya moja inatosha: ramani hii ni ya nani, na itamsaidia nani. Mtu anayejua kwamba gari la uokoaji litafuata mstari anaouchora hatauchora kwa kubahatisha.

2. Kazi ya siku ya kwanza. Mgeni apewe kazi ndogo anayoweza kuimaliza siku hiyohiyo, kwa mfano kufungua akaunti na kuandika jina la shule moja anayoifahamu. Akiondoka bila kufanya lolote, huenda asirudi.

3. Kanuni za majina na alama. Lebo za OpenStreetMap zimeandikwa kwa Kiingereza na lazima zibaki hivyo ili programu zizielewe. Mwongozo uweke maana ya Kiswahili mbele ya kila lebo, pamoja na mfano wa mahali wanapopajua wachangiaji.

4. Mambo yasiyowekwa kwenye ramani. Sehemu hii isisahauliwe hata kidogo. Majina ya wakazi wa nyumba, nyumba ya msichana aliyetoa taarifa, na mahali anapojificha mtu haviingii kwenye ramani ya wazi. Tukumbuke kwamba ramani anayoisoma mwokoaji, anayemtafuta binti huyo kwa nia mbaya anaweza kuisoma pia. Taarifa za tukio zipelekwe kwa wahusika kwa njia ya siri, mbali kabisa na ramani.

5. Nani anakagua. Katika uchoraji wa pamoja wa OpenStreetMap eneo hugawanywa katika viboksi. Mmoja huchora, mwingine mwenye uzoefu huthibitisha. Mwongozo umweleze mgeni kwamba kazi yake itakaguliwa, na umfundishe mkaguzi kusahihisha kwa upole na kutaja sababu. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya, kwa hiyo kosa linaweza kurudishwa nyuma. Hilo humwondolea mgeni woga.

6. Haki na leseni. Tangu mwaka 2012 takwimu za OpenStreetMap hutolewa kwa leseni iitwayo ODbL. Kila mtu anaweza kuzitumia, mradi ataje zilikotoka, na akitengeneza hifadhi mpya ya takwimu kutokana nazo na kuitoa hadharani, aiache huru vilevile. Mchangiaji ajue mapema kwamba kazi yake itakuwa ya wote, na kwamba parokia au mfadhili hawezi kuifungia kabatini.

7. Namna ya kubadilisha mwongozo wenyewe. Uandikwe tarehe ya toleo, anayeutunza, na jinsi ya kupendekeza marekebisho.

Jinsi ya kuuandika

Tuseme kikundi cha vijana wa Nkende kina kijana mmoja anayeijua kazi vizuri. Kamati isimwagize aende peke yake akaandike. Anayejua sana huruka hatua, maana kwake zimekuwa kama kupumua. Wakae wawili, yeye na mtu asiyejua. Asiyejua ajaribu kufanya kazi kwa kufuata karatasi tu, na anayejua anyamaze. Kila mahali mgeni anapokwama ndipo panapohitaji sentensi nyingine au picha. Wakimaliza, warudie na mtu wa tatu, na ikiwezekana awe mama au msichana, kwa sababu wao ndio wanaofahamu kisima kinachokauka na njia inayopitwa na watoto kwenda shule.

Lugha iwe Kiswahili chepesi na maneno yawe yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa tunaweza kujifunza kwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kazi hiyo ilikwenda pamoja na kutengeneza orodha ya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Bila orodha ya namna hiyo, kila mfasiri angekuja na neno lake, na msomaji angepotea.

Mwongozo uwepo kwenye simu na uwepo pia kwenye karatasi, kwa kuwa mtandao na umeme havipatikani kila mahali. Kurasa kumi zinazosomwa ni bora kuliko mia zinazolala ofisini.

Neno kwa wafadhili

Tukipitia bajeti za miradi ya namna hii, kwa kawaida tunaona simu, nauli na chakula cha semina. Mwongozo hauonekani. Kisha kijana aliyefundishwa anapata kazi Mwanza au anaolewa wilaya nyingine, na ujuzi wote unaondoka naye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao ni mali.

Tunawaomba wafadhili watenge fungu kwa ajili ya muda wa kuandika, kuchapa, na kupitia upya mwongozo baada ya mwaka mmoja. Tunawaomba pia, wanapopokea taarifa, wasiishie kuuliza ni majengo mangapi yamechorwa. Waulize ni wachangiaji wapya wangapi wameweza kufanya kazi kwa mwongozo tu, pasipo mwalimu pembeni. Jibu la swali hilo litawaambia kama kazi itaendelea baada ya fedha kwisha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo, nani ataiendeleza?

2. Kama wito wa kuomba msaada ungetoka katika kitongoji chetu usiku huu, mgeni mwenye gari angefikaje? Ni majina na njia zipi hazimo kwenye ramani?

3. Ni taarifa zipi tunazozijua ambazo hazipaswi kuwekwa wazi, na nani atakagua hilo?

4. Nani wawili, mmoja anayejua na mmoja asiyejua, tutawakalisha pamoja kabla ya mwezi huu kwisha ili waandike ukurasa wa kwanza?