Seli Shina za Mafuta na Fibroblasti: Tuzitambueje?



Wachimbaji wa Makongolosi wanajua kuwa pairaiti hung'aa kama dhahabu. Lakini ukiigonga kwa nyundo husagika, ilhali dhahabu hubonyea ikawa bapa. Jicho peke yake halitoshi. Somo letu la leo linahusu seli mbili zinazofanana namna hiyo.

Zinakotoka

Mwaka 2001, Patricia Zuk na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba mafuta yanayonyonywa mwilini kwa upasuaji yana seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Mafuta huoshwa, huyeyushwa kwa kimeng'enya, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Seli za mafuta huelea, na nyingine hutuama. Zile zilizotuama huoteshwa kwenye sahani ya plastiki.

Tatizo ni kwamba kati ya zilizotuama zimo pia fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni na kushikilia tishu zetu. Nazo hujishikiza kwenye plastiki, huwa nyembamba zenye ncha, na huongezeka haraka. Chini ya hadubini huwezi kuzitofautisha.

Vipimo

Mwaka 2006, Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba kwa Seli ilitoa masharti matatu kwa seli za kundi hili:

1. Zishike kwenye plastiki.
2. Angalau asilimia 95 ziwe na alama za CD73, CD90 na CD105, na zisizozidi asilimia 2 ziwe na alama za seli za damu.
3. Ziweze kugeuka kuwa seli za mfupa, mafuta na gegedu.

Fibroblasti hutimiza sharti la kwanza, na mara nyingi la pili. Kwa hiyo sharti la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Seli hugawanywa katika sahani tatu, kila moja ikapewa virutubisho vyake kwa muda wa wiki mbili hadi tatu au zaidi. Kisha hutiwa rangi: matone ya mafuta huwa mekundu, chokaa ya mfupa nayo huwa nyekundu kwa rangi nyingine, na gegedu huwa ya buluu.

Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa baadhi ya fibroblasti za ngozi zimeonekana kugeuka kwa kiasi fulani. Kwa sababu hiyo mtafiti makini huotesha kando yake fibroblasti zinazojulikana, azilishe vilevile, kisha alinganishe. Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Jibu hutokana na vipimo vyote kwa pamoja.

Inatuhusu nini?

Siku hizi jina "seli shina" linatajwa kwenye matangazo ya kutibu kisukari, magoti na kiharusi. Tiba ya kweli ipo: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na uloto huo una seli shina za damu. Lakini jina peke yake haliponyi. Mgonjwa anayeuza ng'ombe ili alipie tiba ana haki ya kuuliza: seli hizi zimetoka wapi, nani amezipima, na kwa vipimo gani?

Hati ya Kanisa *Dignitas Personae* ya mwaka 2008, namba 32, inafundisha kuwa kuchukua seli shina kwa mtu mzima bila kumletea madhara makubwa ni halali. Kuzichukua kwa kiinitete kilicho hai ni kosa zito, maana humwua. Hati hiyo inadai pia umakini wa kisayansi na uwazi kwa umma. Basi kumuuzia mgonjwa fibroblasti kwa jina la seli shina ni udanganyifu, hata kama zimepatikana kihalali. Mtume Paulo anatuagiza kupima yote na kushika lililo jema (1 Thes 5:21).

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini umbo la seli halitoshi kuitambulisha?
2. Jumuiya yetu itamsaidiaje mgonjwa anayeahidiwa tiba isiyothibitishwa?